Redio ya Vali Kwenye Morris Minor: Kazi Iliyoanzia Nje ya Redio

Morris Minor yangu ni ya mwaka 1959. Niliinunua Nakuru kwa mama mmoja mjane, na chini ya rafu ya mbele palikuwa na redio yake ya asili, Radiomobile ya vali (balbu za kioo zilizotumika kabla ya transista), nyaya zimekatwa na spika imetoboka. Mama mwenyewe hakuwa na maelezo mengi kuihusu. Aliniambia tu, "Marehemu hakuiwasha mjini, mwanangu. Alikuwa akiiwasha tukishapita Lanet." Nilimshukuru nikaondoka na gari bila kuuliza zaidi. Baadaye, nikiwa nimelala chini ya dashibodi na mita mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba mumewe alilijua gari lake vizuri sana.

Nilipoipeleka ile redio mjini Nairobi, karibu kila fundi niliyemwonyesha pale Luthuli Avenue alinipa ushauri uleule: toa matumbo yote, weka ubao mdogo wa kisasa wenye Bluetooth, acha uso wa nje na vifundo vyake vya kuzungusha. Bei yao ilikuwa nafuu na kazi ingekwisha siku hiyohiyo. Nilikataa, na bado naamini nilifanya vyema. Gari lenye uso wa redio usio na redio nyuma yake limepoteza kitu ambacho hakirudi, kwa sababu matumbo yakishatupwa hakuna anayeyakusanya tena. Vali, transfoma na koili za redio hizo hazitengenezwi upya. Mradi ziko ndani, hata zikiwa zimekufa, kuna siku mtu atazifufua.

Nilichojifunza katika kazi hii nakiweka mapema ili msomaji mwenye gari kama langu asipoteze fedha: vali zenyewe ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko vitu vyote. Nilizikuta nzima zote isipokuwa moja. Ugonjwa ulikuwa kwenye njia ya umeme kutoka betri hadi redio, kwenye kapasita za karatasi (vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda), na zaidi ya yote kwenye gari lenyewe. Redio ya nyumbani unaweza kuitengeneza mezani ukaimaliza. Ya gari haijatengenezwa mpaka injini iwe inanguruma na wewe unamsikia mtangazaji.

Radiomobile zilitengenezwa Cricklewood, London, na yangu ni ya aina ya maboksi mawili. Boksi la mbele lina mshale, vifundo na vali zinazonasa kituo. La pili, zito kama tofali, hufungwa mahali pengine ndani ya gari, na humo ndimo mnamokaa transfoma na kitu ambacho mafundi wengi wa rika langu hawajawahi kukiona: vaibreta.

Betri inatoa volti 12. Vali zinataka volti 200 na zaidi ili zifanye kazi. Transfoma peke yake haiwezi kuupandisha umeme wa betri, kwa kuwa umeme huo hutiririka upande mmoja bila kubadilika. Kwa hiyo waliunda swichi inayojiendesha yenyewe: ulimi mwembamba wa chuma unaovutwa na sumaku-umeme, ukigonga huku na huku karibu mara 100 kwa sekunde, ukiuelekeza umeme wa betri upande huu wa transfoma na kisha upande ule. Transfoma ikaona umeme unaogeuka, ikaupandisha, na vali maalumu ikaunyoosha tena, yaani ikaurudisha kutiririka upande mmoja. Kila kitu unachokisikia kwenye redio hiyo kinategemea ule ulimi. Ukiwasha, kabla ya sauti yoyote kutoka kwenye spika, unasikia mngurumo wake mdogo ndani ya kopo.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya usalama. Mtu akisikia betri ya gari anadhani hakuna cha kumdhuru. Ndani ya boksi lile kuna zaidi ya volti 200, na kapasita kubwa zinaweza kubaki na umeme hata baada ya betri kufunguliwa. Kabla sijagusa chochote ndani yake nauondoa umeme huo kupitia rezista, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, kisha nahakikisha kwa mita. Sifanyi hivyo mara moja tu asubuhi. Nafanya kila ninaporudisha mkono.

Aliyenifundisha kufungua vaibreta ni mzee mmoja aliyetengeneza redio tangu ujana wake, ana chumba chake nyuma ya River Road. Nilipomwekea lile kopo mezani alilitikisa sikioni, akatabasamu.

"Umeiwasha?"

"Hapana, Mzee. Nimeogopa."

"Vizuri. Wengi hunijia wameshaiwasha, kazi ikawa mara mbili."

Mdomo wa kopo umekunjwa kiwandani. Mzee aliukunjua polepole kwa koleo, kidogo kidogo kuzunguka duara lote, akavuta. Ndani palikuwa na sifongo ya mpira iliyowekwa kuzuia kelele, ila kwa umri ilikuwa imegeuka utomvu mweusi unaonata kila mahali. Tulilitoa lile tope kwa kijiti na spiriti. Kisha tukafika kwenye ncha zenyewe, vidonge vidogo vya chuma vinavyogusana, vimefunikwa utando wa kijivu. Mzee akanieleza kwamba utando huo hutokea kwa kukaa tu. Hata vaibreta mpya ambayo haijawahi kutumika, ikikaa miaka mingi kwenye boksi lake inakataa kuanza. Alikata kipande chembamba cha msasa laini kabisa, akakipitisha katikati ya ncha bila kuubonyeza ulimi, akafuta kwa karatasi iliyolowa spiriti mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Alinikataza kuupinda ulimi ili kurekebisha nafasi. Nafasi ile ilipimwa kiwandani, na ukiipoteza upande mmoja wa transfoma unapata umeme mwingi kuliko mwingine.

Kabla ya kuijaribu kuna kapasita moja ambayo lazima ibadilishwe, hata ikionekana nzuri kwa macho. Inakaa upande wa volti kubwa wa transfoma, na kazi yake ni kumeza mshtuko unaotokea kila ulimi unapoachia. Ikivuja, ncha za vaibreta zinatoa cheche na kuungua. Ikishika kabisa, yaani ikipiga shoti, inaondoka na vaibreta na transfoma pamoja. Thamani yake si ya kubahatisha: ilichaguliwa kulingana na transfoma ile, kwa hiyo weka ileile iliyoandikwa, lakini iwe ya kuhimili volti nyingi. Mimi niliweka ya volti 2,000. Duka la kwanza nilikoulizia walitaka kunipa ya volti 400 wakisema thamani ni sawa. Thamani ilikuwa sawa kweli, ila isingemaliza wiki.

Kapasita za karatasi zilizopakwa nta nilizibadilisha zote bila kupima hata moja. Muhimu kupita zote ni ile inayopeleka sauti kwenye gridi, yaani mlango wa kuingizia sauti, ya vali ya mwisho, vali inayoendesha spika. Ikivuja kidogo tu, volti inapenya hadi kwenye gridi, vali inavuta umeme kupita kiasi, inachemka, na mwishowe inaunguza transfoma ya spika ambayo huipati dukani. Kwa bei ya soda unaokoa kitu kisicho na mbadala.

Kisha jaribio. Tulitoa vali zote, tukabaki na boksi la umeme peke yake, na kwenye waya wa betri tukaunga balbu ya breki ya wati 21 ili umeme upitie humo kwanza. Balbu ni mlinzi mzuri: ncha zikigandana au kukiwa na mahali pameshika, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na umeme hauzidi hapo. Yetu iliwaka hafifu, nyekundu tu, na ulimi ukaanza kunguruma. Mzee aliweka kidole juu ya kopo akasikiliza kama daktari anayempima mtoto kifua. "Inapumua sawa," akasema. Tukatoa balbu, tukarudisha vali, tukaunga spika.

Spika isisahauliwe kamwe. Redio ya vali haiwashwi ikiwa spika imefunguliwa, kwa sababu transfoma yake ikikosa mzigo inaweza kujipasua ndani. Spika yangu ya asili ilikuwa na tundu, nikaiziba kwa karatasi laini ya shashi iliyolowekwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka mbili nyembamba. Haitoi mtetemo wowote mpaka leo.

Pale mezani redio ililia. Redio za Uingereza za wakati ule zinahesabu masafa kwa mita badala ya kilohezi, kwa hiyo chukua 300,000 ugawanye kwa kilohezi za kituo chako ndipo ujue mshale uuweke wapi: kituo cha kilohezi 600 kiko mita 500. Na kuna jambo lililonigusa kuhusu swichi ya masafa marefu (long wave). Waingereza waliyahitaji kwa ajili ya kituo cha BBC kilichorusha kutoka Droitwich kwa mita 1,500. Gari likaletwa Kenya pamoja na swichi hiyo, na kwa miaka yote hii upande ule wa redio haujapata sauti ya kuipokea huku kwetu. Bado naisafisha swichi hiyo sawa na nyingine.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ya gari.

La kwanza kupima ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Morris Minor zilitoka kiwandani na ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Magari mengi hapa kwetu yamegeuzwa na mafundi umeme ili yakubali vifaa vipya, na hakuna aliyeandika popote. Kwa redio kama yangu, ambayo umeme wake unanyooshwa na vali, kugeuzwa huko hakuleti madhara. Lakini zipo vaibreta zinazonyoosha umeme zenyewe kwa ncha za ziada. Hizo ukizigeuza, volti kubwa inatoka kinyume na kapasita kubwa zinaharibika. Na redio za mwishoni mwa miaka ya 1950, zenye vali mbele na transista kwenye spika, zikigeuzwa transista inakufa papo hapo. Pima kwa mita, usiulize.

Waya wa umeme niliuvuta kutoka kwenye fyuzi zinazofuata swichi ya gari, lakini kwa fyuzi yake yenyewe ndogo ndani ya waya. Fyuzi za asili za gari hili ni za ampia 35, na waya wa redio unaweza kuungua mwanzo mpaka mwisho kabla ya fyuzi hiyo kukatika.

Nikawasha injini, na mtangazaji akafunikwa na mikwaruzo tupu.

Hili ni tatizo la tangu mwanzo kabisa wa redio za gari. Mwaka 1930 kampuni ya ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, ilipounda redio waliyoiita Motorola, mojawapo ya shida kubwa ilikuwa jinsi ya kuzuia cheche za injini zisisikike kwenye spika. Cheche ya plagi yenyewe ni kituo kidogo cha redio, na kila waya mrefu wa plagi ni eriali yake.

Njia niliyotumia kutambua kelele ni hii. Pandisha mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, kisha zima swichi ya injini huku redio ikipata umeme moja kwa moja kutoka betri. Mikwaruzo ya tik-tik ikikoma mara moja ulipozima, inatoka kwenye plagi na koili ya kuzalisha cheche. Mluzi unaoendelea na kushuka polepole pamoja na injini inayokufa ni wa dinamo inayochaji betri. Kelele inayobaki gari likiteremka mlima kwenye lami kavu, gia ikiwa nyutro na injini imezimwa, inatoka kwenye magurudumu ya mbele. Hii ya mwisho jaribu mahali pasipo na magari, maana gari bila injini si la mzaha barabarani.

Dawa yake ni rahisi ukiweka mahali pake. Kapasita ya maikrofaradi 1 kwenye koili, upande unaoingiza umeme kutoka swichi. Ukiiweka upande wa distributa, kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, unaiua cheche na gari halitavuta. Nyingine kwenye dinamo, kwenye waya mnene wa kutoa umeme. Kwenye kiunganishi kidogo cha pili usiweke kitu, utaunguza rigaleta, kidhibiti cha chaji. Rezista ya omu 10,000 hivi kwenye waya wa katikati wa distributa. Hizo tatu ziliondoa sehemu kubwa ya kelele, lakini si yote, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kilichobaki kilikuwa kutu. Boneti ya Morris imeshikwa na bawaba ambazo, baada ya miaka sitini ya rangi juu ya rangi, hazipitishi umeme vizuri kwenda kwenye bodi. Boneti isiyoungana na bodi haizuii kelele za injini zilizo chini yake. Inazipokea na kuzirusha upya juu, eriali ikiwa hapo karibu. Nilinunua mkanda wa shaba uliosukwa pale Kirinyaga Road, nikakwangua rangi mpaka chuma cheupe pande mbili, nikaufunga, nikapaka grisi. Nilifanya vilevile chini ya kitako cha eriali kwenye madigadi, ambako nilikuta kutu ya unga mwekundu kati ya kitako na bati. Nilipowasha injini baada ya hapo niliongeza sauti nikidhani redio imezimika, kumbe ni kelele zilizokuwa zimeondoka.

Eriali nayo ina siri yake. Waya unaotoka kwake kwenda kwenye redio ni sehemu ya mtego wa kunasia kituo, kwa hiyo hauwezi kubadilishwa na waya wa televisheni. Wa asili ni waya mwembamba kama unywele ndani ya bomba pana lenye hewa. Baada ya kufunga, inua eriali yote, tafuta kituo dhaifu karibu na mita 214, na uzungushe skrubu ndogo ya nyuma ya redio kwa bisibisi mpaka sauti ifike kileleni. Skrubu nyingine zilizozibwa kwa nta usiziguse bila vifaa vya kupimia.

Sasa narudi kwa yule marehemu. Dinamo ya gari hili hutoa kama ampia 20 injini ikiwa na mwendo mzuri, lakini injini ikinguruma taratibu kwenye foleni haitoi kitu. Redio yangu inavuta ampia tatu na nusu hivi, taa kubwa saba, koili tatu, na waipa zake juu. Jioni ya mvua kwenye foleni ya Waiyaki Way vyote hivyo vinatoka kwenye betri. Voltimita niliyofunga chini ya rafu inashuka mpaka chini ya 12, na vali zinaanza kufifia, sauti inakuwa nyembamba. Nikishapita Uthiru barabara ikafunguka, mshale unapanda na sauti inanenepa. Lanet ndiko barabara ilikomfungukia yeye.

Watu huniuliza nasikiliza nini, kwa kuwa vituo vingi vimehamia FM. Mchana vya mawimbi ya kati ni vichache kweli. Usiku ni habari nyingine, maana mawimbi haya hurudishwa na tabaka za juu za anga na kusafiri mbali sana; nje ya Gilgil, mbali na nyaya za umeme, nimepata Kiswahili, Kiarabu na Kisomali ndani ya nusu mzunguko wa kifundo. Kwa mchana nina kijisanduku kinachogeuza muziki wa simu kuwa mawimbi ya kati na kuuingiza kwa waya kwenye tundu la eriali. Eriali inakuwa imechomolewa, hakuna kinachorushwa hewani, kwani kurusha bila leseni ni kosa. Vali zinafanya kazi yake yote, hakuna kilichokatwa ndani. Chaja ya simu ya kwenye gari, hata hivyo, siiwashi: nyingi hutoa kelele inayoyafunika mawimbi ya kati yote.

Rafiki yangu mmoja wa Thika ameniletea redio ya Volkswagen yake ya 1963, na hiyo ni ya volti 6. Kazi ileile kwa nusu ya volti inataka umeme mara mbili, kwa hiyo nusu volti tu ikipotelea kwenye kiunganishi chenye kutu ni hasara ya asilimia nane. Sijaifungua. Nimemtuma kwanza apime volti kwenye betri, kisha kwenye fyuzi, kisha nyuma ya dashibodi, taa zikiwa zimewaka, aniletee namba zote tatu.